Mbao za kukaa nje: ununue ipi, ukiangalia dawa iliyomo ndani ya mti wenyewe

Muuza mbao akikwambia "huu ni mvule" au "huu ni mtiki", amejibu nusu ya swali. Nusu nyingine ni hii: ubao umetoka sehemu gani ya gogo, na mti ulikuwa na umri gani ulipokatwa? Gogo moja linaweza kutoa ubao utakaostahimili jua na mvua kwa miongo, na ubao mwingine ambao mchwa wataumaliza ungali mpya. Zote mbili zitauzwa kwa jina lilelile. Kinachozitofautisha ni kemikali ambazo mti ulijiwekea wakati wa uhai wake, na hizo ndizo nilizozifuata katika kupanga mbao hizi. Matumizi ninayoyalenga ni ya nje: milango na madirisha, viti vya bustani, sakafu za baraza, nguzo za uzio.

Kabla ya jina, kagua kiini

Tazama gogo lililokatwa kwa msumeno. Chini ya gome kuna duara la weupe, na ndani yake sehemu ambayo mara nyingi huwa na rangi nzito zaidi. Hicho ndicho kiini. Weupe hupandisha maji kutoka mizizini, na humo mti huweka akiba yake ya wanga na sukari. Mti unavyonenepa, weupe wa ndani kabisa humaliza kazi. Seli zake zilizo hai, kabla ya kufa, huigeuza ile akiba ya chakula kuwa tanini, stilbeni, kwinoni na mafuta makali, kisha kemikali hizo hupenya kwenye kuta za seli na vijitundu vya jirani. Kuanzia hapo kiini hakina uhai wa kujitetea. Kinachokikinga ni dawa iliyoachwa humo, na hakuna nyingine itakayoongezwa.

Weupe hauna kinga hiyo, tena umejaa chakula. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha EN 350, kinachopanga mbao katika madaraja matano dhidi ya kuvu (1 hudumu sana, 5 haidumu), huhesabu weupe wa mti wowote kuwa daraja la 5 mpaka ithibitishwe vingine. Mchwa wamewekewa alama zao peke yao: D kwa ubao unaowastahimili, M kwa wa kati, S kwa usiowaweza. Madaraja nitakayoyataja hapa chini ni ya kiini peke yake, na muuzaji anayekutajia daraja huku ukingo wa ubao ukiwa na mkanda mweupe hajakuuzia daraja hilo.

Umri nao una uzito. Kiini kilicho karibu na moyo wa mti, yaani katikati kabisa ya gogo, kilitengenezwa mti ukiwa mdogo, na kwa kawaida dawa yake ni haba. Sehemu bora kuliko zote ni kiini cha nje, kile kinachopakana na weupe, kwenye mti mkubwa. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya ubao wenye moyo wa mti katikati yake na ubao uliopasuliwa mbali na moyo, chukua wa pili. Huo wa kwanza utapasuka pia.

Usiitegemee rangi peke yake. Mti wa Ulaya uitwao Fagus sylvatica huweza kuwa na sehemu ya ndani nyekundu inayopendeza macho lakini isiyo na kinga yoyote ya maana, na hinoki, mti wa Japani, una kiini cheupe-cheupe kinachodumu vizuri. Rangi hupakwa vilevile. Omba kichwa cha ubao kikatwe upya au kipigwe randa kidogo, uone ngozi halisi ya ubao na uinuse.

1. Mvule

Nauweka wa kwanza, juu ya mtiki, na najua wengi watabisha. Sababu yangu ni mchwa. Dhidi ya kuvu mvule (Milicia excelsa, unaouzwa pia kwa jina la iroko) ni daraja la 1 hadi 2, na dhidi ya mchwa una alama D, wakati mtiki kwa kiwango hichohicho hupewa M. Dawa kuu ya mvule ni kloroforini, ya jamii ya stilbeni. Kiini kilichokatwa karibuni huwa cha manjano, kisha hugeuka kahawia kikikaa kwenye mwanga. Weupe wake umepauka na hujitenga waziwazi, kwa hiyo mnunuzi makini hadanganyiki kirahisi.

Tatizo la kwanza ni mawe. Mvule hujikusanyia kalsiamu kaboneti ndani ya mbao, na msumeno ukikutana nayo meno hufa. Mwambie fundi mapema. Tatizo la pili ni kubwa zaidi na linaniuma: mti huu ambao kiini chake huwashinda mchwa, miche yake hushindwa na mdudu mdogo wa jenasi Phytolyma, anayesababisha vivimbe kwenye majani na vichipukizi mpaka mche unakufa. Mashamba ya mvule yamekuwa magumu kuanzisha kwa sababu yake, hivyo mvule mwingi sokoni umetoka msitu wa asili. Dai karatasi za uvunaji halali. Muuzaji asiyekuwa nazo, mwache.

2. Mtiki uliokomaa

Mtiki una kinga mbili. Kuna sumu yenyewe, tektokwinoni, inayofukuza mchwa, pamoja na lapakoli na ndugu zake. Halafu kuna mafuta na mpira wa asili ndani ya mbao, vinavyouzuia ubao kunywa maji. Kwa kuwa haunywi maji ovyo, hauvimbi wala kusinyaa sana, na mlango wake haukwami msimu wa mvua. Katika hilo mtiki unaushinda mvule. Kama mahali pako hapana mchwa na unataka milango au viti, geuza nafasi hizi mbili.

Lakini nimeandika "uliokomaa" kwa makusudi. Mtiki wa asili hutoka India, Myanmar, Thailand na Laos. Thailand ilipiga marufuku ukataji katika misitu ya asili mwaka 1989, na Myanmar ikazuia magogo ghafi kusafirishwa nje mwaka 2014. Mtiki mwingi unaouzwa sasa ni wa kupandwa, na mwingine hukatwa ungali kijana: weupe mnene, kiini chembamba, dawa kidogo. Kiwango cha Ulaya huupa mtiki wa kupandwa chochote kati ya daraja la 1 na la 3, na huo ni upana mkubwa mno kwa mtu anayelipia jina. Papasa ubao uliopigwa randa. Wenye mafuta utauhisi mkononi kama umepakwa nta, na una harufu inayokaribia ya ngozi. Mtiki mkavu, mwepesi na usio na harufu mimi nauweka chini ya nafasi ya nne.

Mafuta hayohayo huzuia gundi kushika. Fundi aufute ubao kwa asetoni na kuugundisha papo hapo, kabla mafuta hayajapanda tena juu.

3. Robinia, na mbao ya ipe kando yake

Kwa nguzo za kuchimbia ardhini, robinia (Robinia pseudoacacia) ndiyo ningeitafuta kwanza. Ina dihidrorobinetini kwa wingi, ni daraja la 1 hadi 2, mchwa D, na inakua hata katika nchi zenye baridi. Asili yake ni mashariki ya Marekani, nayo imepandwa sana Ulaya, hasa Hungaria. Uzuri wake kwa mnunuzi ni kwamba hujenga kiini mapema na weupe wake ni mwembamba, kwa hiyo hata gogo dogo lina mbao ya kufaa. Kasoro yake ni umbo. Magogo huwa mafupi na yaliyopinda, na ubao mrefu ulionyooka ni nadra. Usiitafutie milango.

Kwa uimara mtupu, mbao ya ipe, mti wa Amerika ya Kusini, ingekuwa juu ya zote: ina lapakoli, ni daraja la 1, na ni nzito kiasi kwamba mara nyingi huzama majini. Nimeishusha kwa sababu huharibu vifaa vya fundi wa kawaida, na tangu Novemba 2024 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kulinda spishi zilizo hatarini. Ukikutana nayo, karatasi kwanza.

4. Mierezi

Mwerezi mwekundu wa Amerika ya Kaskazini (Thuja plicata) ni mwepesi, hupasulika vizuri, na unafaa kufunika kuta na kuezekea. Dawa yake ni kemikali za jamii ya thujaplisini. Mojawapo ya kemikali hizo, hinokitioli, iligunduliwa na mkemia Tetsuo Nozoe mwaka 1936 katika mafuta ya hinoki wa Taiwan. Angalia ubao umekulia wapi: wa Amerika ya Kaskazini ni daraja la 2, uliopandwa Uingereza ni la 3. Dhidi ya mchwa una alama S, na thujaplisini huyeyuka taratibu na kuondoka na maji, kwa hiyo usiuache uguse ardhi.

Mtarakwa (Juniperus procera), mwerezi wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, hauna udhaifu huo wa mchwa. Mafuta yake yana sedroli, na kwa miaka mingi umekuwa mti wa nguzo za uzio. Hukua polepole, na misitu yake imepungua. Kama unaupata kihalali, ni nguzo nzuri mno.

5. Mwaloni na chesnati

Hapa kinga ni tanini, zikiwemo veskalagini na kastalagini. Kiini cha chesnati tamu ni daraja la 2, na cha mwaloni wa Ulaya kilipewa daraja hilo zamani, lakini vipimo vya baadaye vinaonyesha kinatofautiana sana, la 2 hadi la 4. Tanini ikikutana na chuma hutoa weusi usiofutika, na asidi ya mbao hizi hula misumari ya kawaida. Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu pamoja na mbao zenyewe, siyo baadaye. Mvua za mwanzo zitatiririsha maji ya kahawia kwenye ukuta ulio chini yake.

6. Mkaratusi

Usinunue "mkaratusi" tu. Spishi ni zaidi ya 700, na kinga zao hazilingani hata kidogo: jarra wa Australia (Eucalyptus marginata) ni daraja la 1, huku Eucalyptus globulus ikiwa la 5. Harufu kali ya majani haikwambii lolote kuhusu mbao, kwani sineoli ya majani ni kemikali nyingine kabisa. Muuzaji akishindwa kutaja spishi, chukulia ni ile dhaifu.

7. Msonobari

Watu huinusa ile harufu ya utomvu wakadhani ni kinga. Utomvu huziba majeraha na kuwanasa wadudu mti ukiwa hai, lakini hauulindi sana ubao uliokatwa. Kiini cha msonobari wa Ulaya kina pinosilvini, na bado ni daraja la 3 hadi 4.

Uliotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo ni habari nyingine, na hapo kanuni yangu yote inageuka. Dawa hupenya kwenye weupe, siyo kwenye kiini, kwa sababu vijitundu vya kiini vimekwisha kuziba. Nguzo nzuri ya msonobari uliotiwa dawa ni ile yenye weupe mnene pande zote. Kila unapoikata, paka dawa upya kwenye kidonda, maana umefungua ndani isiyo na kinga. Uliza pia ni dawa gani. Mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki uliondolewa kwenye matumizi mengi ya nyumbani Marekani mwishoni mwa 2003. Mabaki ya mbao za aina hiyo yasichomwe kamwe, hata nje.

Magome na majani

Nguzo inayouzwa na gome lake huonekana ya asili na imara, lakini tanini za gome zilikuwa kinga ya mti ulio hai. Juu ya nguzo, gome hushika unyevu na kuwaficha wadudu. Limenye lote. Maji ya majani ya mwarobaini yanayopakwa kwenye mbao siwezi kuyapendekeza kwa matumizi ya nje: azadiraktini, dawa iliyomo ndani yake, huvunjwavunjwa na mwanga wa jua ndani ya muda mfupi.

Unapokata

Kemikali zinazowaua wadudu hazimwachi fundi salama. Kloroforini ya mvule na kwinoni za mtiki huwasha ngozi, na asidi ya plikatiki ya mwerezi mwekundu husababisha pumu kwa wafanyakazi wa viwanda vya mbao. Vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa mwaka 1995 na shirika la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Weka barakoa ya vumbi na glavu kwenye orodha ya manunuzi, fundi akate mahali penye hewa, na maranda ya mbao hizi yasitandikwe chini ya mifugo.