Eti "hiyo ni volkano": chupa mbili za Soave na mhudumu mmoja

Hili limenikaa kooni muda mrefu, wacha niliteme.

Ilikuwa majira ya vuli, mwaka juzi nadhani, zabibu zimeshachumwa. Nilikuwa Verona, Italia, kwa mdogo wangu anayefanya kazi huko, akanipeleka Soave, mji mdogo wenye ngome kilimani na kuta za kale zilizouzunguka. Tukaingia mgahawa mmoja karibu na kuta hizo. Jina silitaji, maana yule kijana huenda bado ana kazi, na mimi simwombei mtu njaa. Namwombea kidogo tu.

Tuliagiza Soave Classico, mvinyo mweupe wa huko huko wenye jina la mji, na baccalà kwa polenta. Baccalà ya Vicenza ni samaki mkavu, ndugu wa ng'onda: analowekwa siku kadhaa, kisha anaiva taratibu kwenye maziwa, vitunguu na mafuta mengi. Polenta ni ugali wa mahindi ya njano, basi, ila wao huuacha ulegee hivi kwamba mama yangu kule Tanga angemrudishia mpishi sufuria yake.

Kijana akafungua chupa, akanimiminia kidogo nionje. Nikanusa. Boksi lililonyeshewa mvua. Nikanusa tena: boksi, na ndani ya boksi gunia. Nikampa mdogo wangu, akakunja uso. Tukamwambia, kwa adabu kabisa, kwamba kizibo kimeuharibu mvinyo. Wala si tusi. Magamba ya mti yanayochongwa vizibo yakipata ukungu, harufu ile huhamia ndani ya chupa na kuizima harufu ya zabibu. Haidhuru tumbo, lakini umelipia shamba ukanyweshwa stoo.

Yeye hata pua hakuisogeza. Akatabasamu kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, akasema, "Signora, hiyo ni volkano."

Volkano! Ni kweli vilima vya kule vingine vina udongo mweusi wa volkano, na wenyewe wanaringia. Lakini mimi nimesoma Arusha miaka minne, naamka Meru iko dirishani, na sijawahi kusikia volkano ikinuka boksi. Nikamwambia anuse basi. Akajibu kwamba wageni wengi hupenda mvinyo mtamu, aniletee mtamu? Mdogo wangu akanishika mkono chini ya meza. "Dada, tafadhali." Tafadhali ya nini?

Sauti yangu, nakiri ilipanda, ikamtoa jikoni mama mmoja mwenye aproni, kumbe ndiye mwenye mgahawa. Hakuuliza kitu. Akainua glasi, akanusa mara moja, akaondoka na chupa nzima. Akarudi na nyingine, akaifungua mwenyewe.

Na hapo ndipo hasira iliponizidi, kwa sababu ile ya pili ilikuwa nzuri mno! Zabibu yao inaitwa Garganega. Puani maua meupe na peasi, mdomoni uchachu wa kiasi, na mwishoni kauchungu kama ka lozi. Ningeunywa bila chakula ningesema ni mwepesi, hauna neno. Lakini tonge likishuka na mafuta yake yote, funda moja linaosha ulimi, na kale kauchungu kanaukabili ule ukali wa samaki mkavu, unajikuta mkono umerudi kwenye sahani. Tulikula kimya. Nyota tano, nikawaza, nimemsamehe hata kijana.

Ikaja bili. Chupa mbili.

Mdogo wangu ndiye aliyezungumza, mimi sikuaminika tena. Kijana akaifuta moja kwa kalamu bila kututazama, bila "samahani". Juu yake kuna coperto, pesa ya mkate na kukalia kiti. Hiyo ni desturi yao, silalamiki. Nalalamika.

Kwa hiyo: mvinyo nunueni. Mgahawa msiende. Au nendeni, ila chungulieni kwanza kama yule mama yupo jikoni.

Niliondoka na chupa moja aliyoniuzia yeye. Nyumbani nikaijaribu kwanza na samaki wa kupaka. Nazi na pilipili vikaumeza mvinyo wote, nisidanganye mtu. Kesho yake, na changu wa kuchoma kwa ndimu na chumvi, ukarudi kuwa ule ule wa Soave. Lakini kabla ya kumimina nilikinusa kizibo mara tatu, mume wangu akauliza natafuta nini.

Nikamwambia, volkano.