Saiba ya kuhuishia leseni ya udaktari, mjini Malindi

Leseni ya daktari nchini Kenya humalizika tarehe 31 Desemba, na kwa kuwa Baraza la Madaktari, lililoitwa Bodi hadi mwaka 2019, hupokea maombi kwa mtandao, wengi wetu hapa Malindi hukimbilia saiba moja, duka la huduma za kompyuta na mtandao, iliyo nyuma ya soko la zamani. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu sifa na lawama nilizo nazo ni za mtu mmoja.

Kwa kazi ya mashine sina la kulalamika. Kijana aliyenihudumia alizipiga picha stakabadhi zangu za mafunzo endelevu moja baada ya nyingine, akajumlisha kwa kalamu pembeni mpaka zikatimia pointi 50 zinazotakiwa kwa mwaka, kisha akakipunguza ukubwa cheti changu cha bima ya kitaaluma ambacho tovuti ilikikataa mara mbili. Umeme ulipokatika aliwasha jenereta bila kuulizwa. Yote hayo kwa shilingi 300.

Lawama yangu iko kwenye maelezo. Tulipofika mahali pa anwani na kituo cha kazi, kijana aliyaacha ya mwaka uliopita, akaniambia, “Hizi zishajazwa, daktari, tusikawie,” nami, kwa haraka ya kuwahi wagonjwa, nikaitikia. Nilikuwa nimehamia Gede tangu Juni. Sanduku la posta lililobaki kwenye fomu ni la mwajiri wangu wa zamani, kwa hiyo barua yoyote ya Baraza, hata ile ya kunitaka nijibu malalamiko ya mgonjwa, ingelala huko huku mimi nikihesabiwa kuwa nimekaidi. Huko California daktari hupewa siku 30 tu kuiarifu bodi yake kila abadilishapo anwani. Sharti hilo nililiona la kero, sasa nalielewa. Kosa ni langu pia, maana anayeulizwa na Baraza ni mwenye leseni, si aliyebonyeza.

Nitarudi kwa kupiga picha na kupakia vyeti, ila maelezo nitayajaza mwenyewe nyumbani, ingawa mtandao wetu husuasua. Anayetaka kwenda aende asubuhi, mapema Desemba. Wiki ya mwisho foleni hufika hadi kwenye veranda ya saiba.