Duka la Ami pale Ngamiani: bei juu, daftari safi, chaga bado

Natengeneza kashata nyumbani Makorora, Tanga, kwa hiyo karanga kwangu ndiyo mtaji. Mwaka wa nne huu nanunua kwa Ami mmoja Ngamiani, duka la kona lenye milango ya mbao ya kijani. Jina silitaji, wenyeji watalijua kwa harufu ya iliki.

Bei zake ziko juu. Kilo ya karanga inazidi ya sokoni Mgandini kwa mia mbili, mia tatu, na kupunguza hapunguzi hata umlilie. Nilikuwa nanung'unika mpaka Shaaban iliyopita.

Siku hiyo nimeinjika sukari, simu ikalia. "Mama Nasra, ile siagi ya karanga uliyochukua juzi umeifungua?" Bado Ami, naiweka ya Ramadhani. "Basi nisomee namba ya bechi." Nikaiacha sukari (iliungua, ndiyo), nikaligeuza kopo dirishani. Namba zenyewe, za kundi la makopo yaliyotengenezwa pamoja, zimepigwa kwa wino hafifu chini kabisa, tarakimu mbili za mwisho zimeliwa na mafuta. Zilizobaki zikalingana na alizonazo Ami. Msambazaji alikuwa amewaambia wenye maduka wairudishe bechi hiyo, imepimwa ikakutwa na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu. Kumbe lile daftari la Ami ambalo miaka yote nilidhani ni la madeni, anaandika nani kachukua nini, siku gani, bechi ipi.

Mama mkwe akataka tulifungue tuonje, eti kama limeharibika litanuka. Sumukuvu hainuki, haina ladha, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi waliyoyapika kama siku zote. Akasema basi tuwape kuku. Hapana. Uingereza mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya laki moja waliangamia kwa mashudu ya karanga, na hapo ndipo sumu hii ilipoanza kujulikana. Kopo nikalifunga kwenye mfuko, nikaandika USILE kwa herufi kubwa, nikaliweka juu ya kabati mbali na watoto. Kesho yake likarudi dukani. Ami akanipa pesa yangu yote, risiti hakuuliza, na bahati nzuri maana sikuwa nayo.

Sasa lawama. Magunia ya karanga kayalaza sakafuni, yameegemea ukuta unaotoa chumvi. Masika ya Tanga mnayajua: hata kiberiti kinagoma kuwaka, sembuse karanga zisiote ukungu. Nikamwambia, "Ami, shikamoo, lakini haya magunia yanataka chaga, mbao za kuyainua yasiguse sakafu." Akajibu inshallah. Wiki iliyopita nimekuta chaga kweli, imebeba mchele.

Kwa hiyo nikifika nyumbani nazimwaga kwenye ungo, nachagua moja moja. Zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye weusi au ukijani, natoa. Kilo moja hutoa kiganja kizima, nacho nakifukia. Kuchagua kunapunguza sumu sana ila si dawa ya kila kitu, ndiyo maana gunia lenye harufu ya uvundo silinunui hata kwa bei ya bure.

Wanaouliza pa kupeleka malalamiko ya chakula: ni TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, msiitafute tena TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa).

Nampa nyota nne. Ijumaa anafunga mapema kwa ajili ya sala, harudi mpaka saa nane, na chenji ya elfu kumi asubuhi hana.