Neural Amp Modeler: modeli nzuri, ila zijue volti zako

Neural Amp Modeler, programu huria iliyobuniwa na Steven Atkinson, hutumia mtandao wa neva bandia kujifunza tabia ya pedali (kisanduku cha mguuni cha kubadili sauti) au amplifaya ya gitaa na kuihifadhi katika faili moja, yaani modeli, inayoweza kupakuliwa na yeyote. Sifa inazopewa inazistahili, lakini ufanano wa modeli na kifaa halisi hupotea mara moja iwapo sauti inaingia kwa kiwango tofauti na kile kilichotumika wakati wa kutengeneza modeli.

Sababu imo ndani ya pedali yenyewe. Katika ovadraivu (pedali ya kukwaruza sauti) kama Tube Screamer, diodi za silikoni, vipande vidogo vya kielektroniki, huanza kukata vilele vya mawimbi pale volti kati ya ncha zake inapokaribia 0.6. Kompyuta haijui volti. Inajua namba zenye ukomo wa 0 dBFS tu, yaani kiwango cha juu kabisa cha sauti ya kidijitali. Desibeli 6 za ziada ni sawa na kuzidisha volti mara mbili, na pedali iliyopaswa kukwaruza kidogo itaanza kunguruma.

Hapo ndipo kipengele cha kusawazisha kiwango cha kuingia kinapoonyesha thamani yake. Mtengenezaji wa modeli huandika ndani ya faili ni dBu ngapi (kipimo cha volti kwa desibeli) zilizolingana na ukomo huo wa 0 dBFS, nawe unaandika za kiolesura chako cha sauti, yaani kifaa kinachounganisha gitaa na kompyuta. Ikiwa modeli ina 18 na kiolesura chako kina 12, programu hupunguza desibeli 6 yenyewe, nawe huna tena kazi ya kukisia kwa sikio. Namba yako itafute katika mwongozo wa kiolesura, kwenye mstari wa tundu la gitaa, si wa maikrofoni wala wa laini (line), kwa kuwa mara nyingi kila kimoja kina namba yake. Namba hiyo kwa kawaida hutolewa kwa kitufe cha gain (cha kukuza sauti inayoingia) kikiwa chini kabisa. Ukikipandisha, hesabu yote imeharibika.

Lawama yangu ni kwamba modeli nyingi zinazogawiwa bure hazina namba hiyo, na bila namba kipengele hiki hakina la kufanya. Wanaotengeneza modeli hawana kisingizio kikubwa: kupitisha wimbi la hezi 1,000 na kupima volti kwa multimita kwenye ncha ya kebo inayoingia kwenye pedali ni kazi ya dakika chache. (Pedali ya ikwalaiza isiyokata mawimbi haidai uangalifu huu.)

Pedali za fuzz (zinazokwaruza sauti kwa nguvu) za mtindo wa zamani ni kesi nyingine. Ukinzani wao mdogo pale sauti inapoingilia huathiriana na koili za gitaa, na modeli iliyotengenezwa kwa kulisha pedali kutoka kwenye kiolesura haikuonja uhusiano huo. Kwa hizo, hata kiwango kikiwa sahihi kabisa, kupunguza sauti kwenye gitaa hakutaisafisha sauti jinsi pedali halisi inavyofanya.