Summer Holiday (1963): basi limemfunika Cliff Richard

Niliitazama hii filamu hapa Kondele, Kisumu, pamoja na shemeji yangu ambaye ni fundi wa matatu, na raha yangu nusu ilitokana na maneno yake.

Don, anayeigizwa na mwimbaji wa Uingereza Cliff Richard, na wenzake watatu ni mafundi wa mabasi London. Wanawashawishi wakubwa wa London Transport, shirika la mabasi la jiji hilo, wawape basi jekundu la ghorofa, wanalitia vitanda na jiko, kisha haooo, Ufaransa. Hapo ndipo shemeji aliposimamisha picha. "Bosi gani huyo ampe fundi basi la kampuni aende nalo ng'ambo?" Sikuwa na jibu. Njiani wanakutana na wasichana watatu waimbaji ambao gari lao limekufa, na safari inanyooshwa hadi Athens.

Mwanzo wake umepangwa kwa akili: pwani ya Uingereza, mvua, picha nyeusi na nyeupe, basi linapojitokeza, rangi zinajaa kiooni. Mwongozaji, Peter Yates, ndiye aliyekuja kutengeneza Bullitt, filamu inayosifika kwa kufukuzana kwa magari, mwaka 1968, na ukiangalia basi hilo likikata kona za milimani unaona kabisa kwamba mtu huyu alipenda magari tangu zamani. Kwangu mimi basi ndilo mwigizaji bora humu ndani. Cliff anaimba vizuri, wimbo wake Bachelor Boy bado unanizunguka kichwani, lakini akianza kuongea ni mkavu kama muhogo wa juzi.

Kuna pia Barbara, nyota wa Kimarekani anayemtoroka mama yake kwa kujifanya mvulana. Mafundi wanaamini! Shemeji alimtambua kabla hajavua kofia. Mama mtu ndiye aliyenichekesha hasa: anamtafuta binti huku akihakikisha waandishi wa habari wako karibu.

Kilichonichosha ni ile kesi mahakamani Ufaransa, inayochezwa kwa ishara bila maneno; inavutwa mno. Na wakifika Yugoslavia, wenyeji wanafanywa vichekesho tu, hakuna hata mmoja aliyepewa akili. Sisi ambao tumeshaonyeshwa hivyo kwenye sinema nyingi za wageni tunalinusa jambo hilo mapema.

Watoto watazame bila wasiwasi, hakuna matusi. Naipa tatu na nusu kwa tano, na hiyo nusu ni ya basi.