Uzoefu wangu: Wakaguzi wa halali walipoingia jikoni kwangu

Kilichonitoa machozi siku ile ni brashi ya kupakia mayai. Nilikuwa nayo miaka minne, kila alfajiri naichovya kwenye yai lililopigwa na kupaka skonzi kabla hazijaingia kwenye oveni. Ilikuwa na mpini wa mbao na nywele nyeupe ngumu. Haikunipitikia hata siku moja kujiuliza zile nywele zimetoka kwa nani.

Naoka hapa Mombasa, biashara ndogo ya watu wanne: skonzi, biskuti za siagi, keki, na Ramadhani ikikaribia tunaongeza mikate ya sinia na visheti. Mtaani hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya halali. Wanajua mimi ni mtoto wa nani na wanangu wamesoma chuo gani. Aliyeniuliza ni supamaketi moja iliyotaka kuchukua biskuti zangu: bila cheti haziwekwi rafuni. Niliudhika, nikaona kama ninashukiwa dini yangu. Sasa nimepita kwenye ukaguzi mwanzo hadi mwisho, na nataka kumweleza mfanyabiashara mwenzangu anayejiuliza kama inafaa kutoa pesa zake.

Mambo huanza na fomu, na fomu yenyewe ni kazi. Taasisi inayotoa cheti cha halali inataka kila kinachoingia jikoni, pamoja na sabuni ya kuoshea trei na mafuta ya kupakia kopo za keki, kila kimoja na jina la mtengenezaji na nchi kilikotoka. Unga, sukari na mayai havikunisumbua. Nilikwama kwenye jeli ya keki, ile inayofanya keki iumuke na ikae laini. Miaka yote nimekuwa nikipimiwa dukani kutoka kwenye ndoo kubwa, naondoka na kikopo cha plastiki kisicho na maandishi yoyote. Nilipoiomba ndoo yenyewe niisome, nikakuta imeandikwa E471.

Namba hiyo ni ya mafuta yaliyotengenezwa ili kuchanganya maji na mafuta vikae pamoja. Yanaweza kutoka kwenye mawese au soya, na yanaweza kutoka kwenye shahamu ya mnyama. Kinachowekwa kwenye ndoo ni kilekile kwa jina, na lebo hailazimiki kusema asili yake. Anayejua ni kiwanda peke yake, kwa hiyo lazima upate barua yao. Muuza duka alinielekeza kwa mwagizaji, mwagizaji akaniambia nisubiri, na barua ikaja baada ya wiki tatu: mawese. Zile wiki tatu nilioka biskuti tu, keki niliziacha.

Siku ya ukaguzi walikuja wawili, ustadhi wa mambo ya sharia na dada mtaalamu wa vyakula. Yule dada alianzia stoo, akafungua kila mfuko, akalinganisha na fomu yangu mstari kwa mstari. Arki ya vanila aliiweka kando. Arki halisi hutolewa kwenye maganda ya vanila kwa alkoholi, na Marekani sheria inataka iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35 ndipo iitwe kwa jina hilo. Kichupa changu hakikusema kimeyeyushiwa nini. Sikutaka kungoja barua nyingine, nikahamia vanila ya unga, na ladha ya biskuti haikubadilika.

Ustadhi ndiye aliyeiona brashi. Akaichukua, akaisogeza dirishani.

"Mama, hii uliinunua wapi?"

Nikamwambia, duka la vifaa vya keki mjini. Akaniomba kiberiti. Aling'oa unywele mmoja, akauchoma mbele yangu. Nailoni ikiungua huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Unywele wa mnyama hunuka kama nywele za kichwani zilizoungua, na hubaki jivu linalopukutika ukiligusa. Ule wetu ulinuka, na sisi wote tuliokuwa jikoni tukanyamaza.

Alinieleza wazi kwamba moto unaonyesha tu kuwa ni mnyama, hausemi mnyama gani. Lakini brashi nyingi za aina ile hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, na mimi sikuwa na karatasi ya kusema vingine. Nikamuuliza kuhusu ile miaka minne, kuhusu watoto wa jirani waliokula skonzi zangu kila asubuhi. Akaniambia kwa upole, "Mama, ulikuwa hujui. Sasa umejua."

Sisi wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ni kwamba kilichoguswa na najisi ya nguruwe kikiwa na majimaji huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kama chombo kilichorambwa na mbwa. Tukashika tahadhari. Udongo tuliuleta kutoka shambani kwa mjomba, tukauchuja, tukaukoroga na maji hadi ukawa kama uji mwepesi. Trei zote, bakuli la mayai, meza ya kukandia. Kijana wangu wa oveni alikuwa akihesabu kwa sauti, na alipofika saba tulikuwa tumelowa hadi viwikoni. Brashi mpya ni za silikoni.

Kwa kazi ile ya siku moja nawapa sifa kamili. Hawakunitisha, na walinifundisha kitu ambacho miaka yangu yote ya kuoka haikunifundisha. Mimi kuwa Mwislamu hakukuifanya ndoo ya jeli kuwa na asili inayojulikana.

Ofisi yao ni habari nyingine. Ada niliyoambiwa mwanzo haikuwa na nauli ya wakaguzi, nayo niliilipa mimi niliyekaguliwa, kwa pesa taslimu. Stakabadhi niliipata baada ya kuidai mara mbili. Jambo hili halinipendezi hata kidogo. Nauli iingizwe kwenye ada na ilipwe ofisini, ili mkaguzi asipokee shilingi mkononi mwa anayemkagua. Baada ya ukaguzi nilikaa wiki sita bila cheti, na simu ilipokelewa pale tu nilipopiga asubuhi sana. Tena niliahidiwa ziara za kushtukiza, na hadi leo hakuna aliyekuja. Nawangoja kwa hamu, maana mimi najua nilivyokuwa kabla hawajaja.

Ukiwa na nia ya kuuza nje, uliza mapema. Binamu yangu wa Muscat alitaka nimpelekee visheti vya kuuza, nami nikadhani cheti kimoja kinafungua milango yote. Nchi kama Malaysia, Indonesia na Falme za Kiarabu zina orodha zao za taasisi za kigeni wanazozitambua, na taasisi yako isipokuwemo, nembo yako haiwatoshi. Muulize mnunuzi wa huko kwanza, ndipo ulipe hapa.

Nawe mnunuzi, ukikiona cheti ukutani kisome. Angalia tarehe ya mwisho, na bidhaa zilizotajwa kwa majina. Changu kinataja biskuti, skonzi na keki. Visheti havimo, kwa sababu sikuviandika kwenye fomu, na nimekataa kuvibandika nembo ijapokuwa vinatoka jikoni hilohilo.

Cheti ni cha mwaka mmoja. Changu kinaisha baada ya miezi miwili. Visheti nimeshaviandika, na mwagizaji nimemwomba barua mpya ya jeli, kwa sababu ndoo za safari hii zinatoka kiwanda kingine.