Mkopo wa nyumba ya wapangaji wanne: nyota tatu na nusu

Nimesubiri mwaka uishe ndo naandika, maana ukiandika siku umekabidhiwa funguo utasifia hata mlinzi wa getini. Nilikopa benki kununua nyumba yenye apatimenti nne za kupangisha, benki yenyewe siitaji.

Naanza na dada wa mikopo, jamani alinikera! Dalali alishanipigia hesabu tamu, kodi za wapangaji wanne jumlisha, toa rejesho, inayobaki weka mfukoni. Yule dada akachukua ile jumla akakata robo kwanza, eti nyumba hukaa tupu na kuna watu hawalipi, halafu akatoa bima, kodi ya jengo, ukarabati, kilichobaki akataka kifike walau mara 1.25 ya rejesho la mwezi. Hakikufika. Nikaambiwa malipo ya awali nipandishe toka asilimia 20 mpaka 30, nikatoka pale nimenuna.

Mwezi wa tano mpangaji mmoja akahama, apatimenti yake ikakaa tupu miezi miwili, na kwa nyumba ya wanne mmoja akiondoka ni robo ya hela imekata, robo ileile niliyomnunia. Juu yake kumbe nyumba nzima ina mita moja ya maji, kila mwezi kesi nani kafua sana (hili dalali hakulisema na mimi sikuuliza, kosa langu). Kwa rejesho la ile asilimia 20 ningekuwa natoboa mshahara.

Sasa penye kukata nyota. Ada! Mthamini nimelipa mimi, mwanasheria wao nimelipa mimi, na ripoti ya uthamini niliyoilipia nikaiomba mara tatu ndo nikapewa kopi. Kuna na ada ya kushughulikia mkopo, hiyo nimekutana nayo kwenye mkataba siku ya kusaini, kabla hapo hakuna aliyeitaja.

Kwenye riba walikuwa wawazi, inahesabiwa kwenye deni lililobaki. Ulizeni hilo popote mnapoenda, msishangilie asilimia peke yake. Chukua mfano wa asilimia 12 kwa miaka 15, ikihesabiwa kwenye salio unarudisha kama mara 2.16 ya ulichokopa, ikihesabiwa kwenye deni lote la mwanzo, bila kupungua mpaka mwisho, unarudisha mara 2.8, na tangazo linaweza kuandika 12 ileile. Tena hata hiyo nafuu, rejesho la kwanza kabisa asilimia kama 83 ni riba tupu, kwa hiyo usishtuke mwaka umeisha na deni liko palepale kama halijaguswa.

Kilichobaki nataka kuongeza hela nipunguze deni mapema, nimewauliza kama kuna faini, wiki ya pili hii kimya. Wakijibu nitakuja kurekebisha hizo nyota, juu au chini.